Bastola Tatu za Ghalani

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Naanza kuandika kwa sababu nyumba hii hainisikilizi. Shaame, mume wangu tangu miaka thelathini na moja iliyopita, nikimwambia jambo anaitikia "Inshallah" na kwenda kugeuza karafuu zake juani. Karafuu zina siku nne tu juani. Mimi nina miaka kumi na tatu ndani ya hasira. Hajawahi kunigeuza.

Leo kuna habari. Polisi wanasafisha ghala lao. Tangazo nimelisoma ukutani pale Mtambile: viti vilivyovunjika, mahema, jezi, na "bastola tatu za kuanzishia mbio, zilizotumika". Tatu! Nikasoma tena kwa sauti. Mtu nyuma yangu akauliza mbona mwalimu kaziba njia.

Nieleze vizuri, asije mtu akaliokota daftari hili akadhani nimekuwa jambazi. Si bastola za risasi. Mtutu umezibwa kwa chuma tangu kiwandani. Unatia fataki, unavuta triga, inalia, watoto wanakimbia. Basi. Miaka ishirini na sita nimekuwa mwalimu wa michezo hapa kusini mwa Pemba. Kila mashindano ya skuli nilikwenda polisi, nikatia saini, nikapewa bastola moja, jioni nikairudisha. Uwanja mzima ulinyamaza nikiinua mkono. Hata wajumbe wa kamati walinyamaza, watu ambao hawanyamazi msikitini.

Mpaka 2011. Fainali ya wasichana, mita mia. Nikavuta triga, ikafanya "tki". Kimya. Wasichana watatu wa timu ya Mwalimu Mbarouk wakatoka mbio. Nikavuta tena, ikalia, wengine nao wakatoka. Vurugu! Mbarouk akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akasema bastola haina kosa, ila mkono ulioishika umezeeka. Nilikuwa na miaka arubaini na tano! Mwaka uliofuata wakaleta honi ya lori. Wasichana wa Pemba wanakimbia kwa honi, kama mbuzi walioingia barabarani.

Nitazinunua zote tatu. Nimeona kwenye simu: Ulaya kuna watu wananunua bastola kuukuu za polisi, wanazitoa kutu, wanazirudishia rangi, wanaziweka kwenye kabati la kioo, na wanaheshimiwa. Wanaitwa wakusanyaji. Mimi ni mkusanyaji. Bado sijakusanya.

Jumapili, 4 Agosti

Mbarouk naye anazitaka! Sasa ni mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati ya michezo. Anataka aziweke ofisini kwake ziwe kumbukumbu. Kumbukumbu ya nini? Ya kunidhalilisha?

Habari hizi nimezipata kwa Bi Moza, jirani yangu, ambaye pia ni dada yake Mbarouk. Ukimwambia Moza jambo saa mbili, saa tatu linajulikana Makoongwe, na Makoongwe ni kisiwa.

Nikaona nimtumie apeleke uongo wangu. Nilikwenda kumsaidia kuchambua karafuu, kitu ambacho sijakifanya tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Katikati ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, nikamwambia, kwa huzuni, kwamba nimeghairi kununua. Masharti mazito. Lazima barua ya sheha wa mtaa. Lazima picha mbili za paspoti. Lazima cheti cha hospitali kuthibitisha kwamba mkono wa mnunuzi hautetemeki. Nani ataweza yote hayo kabla ya Jumanne, siku ya kuuza?

Moza akashika kifua. Akasema, "Shoga yangu, dunia imekuwa ngumu."

Nikasema ngumu sana. Nimerudi nyumbani naimba. Shaame ameuliza nina nini. Nimemwambia Inshallah.

Jumanne, 6 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilifika polisi saa mbili asubuhi. Hakuna foleni, mtu mmoja tu anauliza bei ya hema. Msimamizi wa ghala ni Sajenti Ridha, mwanafunzi wangu wa zamani, alikuwa hajui kuruka kamba. Nikasema moyoni mambo yamekwisha.

Mara akaingia Mbarouk. Kanzu imepigwa pasi. Kofia mpya. Mkononi bahasha. Akatandaza yaliyomo mezani: barua ya sheha wa kwao, yenye mhuri. Picha mbili, katabasamu. Cheti cha hospitali, mkono hautetemeki.

Sajenti Ridha alisimama. Akasema kwa miaka yote aliyokaa ghalani hajaona raia mwenye nidhamu kama hii. Hakuna aliyewaagiza watu barua, akasema, lakini ni jambo la maana kabisa, hivi ni vitu vyenye sura ya silaha, na kuanzia dakika hiyo hamuuzii mtu bastola bila karatasi hizo tatu.

Nikamwambia mimi ndiye niliyemfundisha. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Ndiyo, mwalimu wangu. Na ulitufundisha tufuate utaratibu."

Mbarouk akanitazama kwa huruma. Kwa huruma! Akasema dada yake alimweleza kwamba mimi nimeghairi, vipi tena?

Nikakimbilia kwa sheha wetu Chokocho. Sheha hayupo, kaenda harusini Makoongwe. Nikashuka bandarini, nikapanda boti ya mashine, nikavuka. Nimemkuta mbele ya sinia la pilau na vidole vyote vitano kazini. Barua kaniandikia nyuma ya kadi ya harusi. Upande mmoja imeandikwa mimi ni mkaazi mwema, upande wa pili Bwana Harusi na Bibi Harusi wanakukaribisha. Picha nimepiga kwa haraka, nimetoka kama ninayetafutwa na polisi. Hospitali muuguzi akaniambia ninyooshe mkono. Ukatetemeka. Nikamwambia ni hasira. Kaandika hivyo hivyo: "Unatetemeka kwa sababu ya hasira."

Nimerudi ghalani baada ya alasiri. Mbarouk kachukua mbili zilizo nzuri na kaondoka. Sajenti Ridha alisoma karatasi zangu polepole, pande zote, pamoja na kadi. Kisha akanipa ya tatu.

Ina kutu kama iliyozikwa. Triga ngumu. Mpini wa plastiki una ufa. Kwenye boksi fataki sita.

Lakini ni yangu. Nimeileta nyumbani ndani ya kanga. Nimeigeuza juu ya meza na chini ya mtutu nimeona namba niliyokuwa nikiitilia saini. Ni ile ile ya 2011. Nilikaa nayo kidogo. Shaame akaleta chai, akaiweka karibu yangu.

Alhamisi, 8 Agosti

Sikukuu ya Nane Nane, wengine wanapumzika. Mimi nafanya kazi.

Kwenye simu wanasema kutu inatolewa kwa siki. Siki hatuna. Nimekamua ndimu arubaini na mbili, nimetia na ukwaju kwa kuongeza nguvu, nikaizamisha bastola ndani ya sufuria ya pilau. Mzungu wa kwenye simu alisema muda wa saa mbili tu. Mzungu huyo hajui ndimu za Pemba wala hajui kutu ya Pemba. Nimeiacha kutoka jana asubuhi mpaka leo adhuhuri.

Kutu imetoka. Imetoka na namba. Imetoka na jina la kiwanda. Chuma kimekuwa kijivu na mashimo madogo madogo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Na sufuria imeharibika. Shaame ameiangalia sufuria, akaiangalia bastola, akaniuliza ipi ndiyo ninayoikusanya.

Nimemjibu jibu ambalo siandiki.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimekwenda ofisini kwa Mbarouk, kisingizio changu ni kuuliza habari za mjukuu wa Moza anayesoma pale. Nia yangu kuona kazitengeneza vipi.

Hakuzifanya chochote! Kazifuta kwa kitambaa, basi. Zimelala juu ya kitambaa cha mahameli ndani ya kijikabati, na mikwaruzo yake, na namba zake, na rangi ile ile nyeusi iliyochujuka pale vidole vya watu viliposhika. Vidole vyangu! Walimu watatu walikuwa wamesimama wanaziangalia kama wanaangalia maiti ya mtu mwema. Mbarouk akawaeleza kwamba mkusanyaji wa kweli haondoi alama za umri; anayezisugua na kuzipaka upya anaiua historia. Kisha akaniuliza ya kwangu inaendeleaje.

Nilikuwa na ndimu ndani ya kucha. Nikaweka mikono nyuma. Nikasema inaendelea vizuri sana, inapumzika.

Nimerudi na moto kichwani. Basi nikaamua mafuta. Nimesikia kwamba watu wa Asia huzipaka panga zao za kale mafuta yenye karafuu zisishike kutu. Karafuu! Kitu chetu! Mbarouk hajui hilo, na anakaa katikati ya mikarafuu. Nimepata chupa ya mafuta ya makonyo, makali, yale ya kutia jino linalouma. Nikaipaka bastola yote, ndani na nje, nikaifunga kwa kitambaa.

Baada ya chakula nikaifungua. Mpini wa plastiki umelainika kama halua. Nikaushika kuuzuia usianguke, ukakubali alama za vidole vyangu vyote, ukabaki nazo. Nikajaribu kuunyoosha. Ukabaki kiganjani.

Kitambaa kilikuwa kilemba cha Shaame.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimempelekea bastola Jaribu, fundi seremala wa Mtambile. Nimemuagiza mpini mpya, mti mzuri, mweusi, wa heshima. Nimeukuta tayari saa kumi. Ni mpini wa mwiko. Nimemwambia huu ni mpini wa mwiko. Akasema yeye anatengeneza miko na mbuzi za nazi tangu utotoni, bastola ni ya kwanza, nishukuru hakunipa wa mbuzi.

Nilipofika nyumbani Bi Moza ananisubiri mlangoni na ujumbe kutoka kwa kaka yake. Jumamosi kuna bonanza la skuli. Kamati inaniomba, kwa heshima, nianzishe fainali ya wasichana ya mita mia. Kwa bastola yangu mwenyewe.

Mtego! Anataka watu waone mpini wa mwiko. Shaame anasema labda mtu kanialika tu. Nimemwambia yeye aliyeoa kwa bahati asinifundishe nia za watu. Moza ameniomba niende, akasema, "Kaka yangu analo jambo linamkera moyoni, shoga. Nenda."

Linamkera! Mimi nimekereka miaka kumi na tatu, hakuna aliyetumwa mlangoni kwangu.

Nitakwenda. Nitakwenda na bastola itakayowafumba macho.

Ijumaa, 16 Agosti

Rangi. Wanasema ukikipasha moto chuma kilichopakwa mafuta kinakuwa buluu-nyeusi ya kupendeza. Nimeuvua mpini, nimeipaka makonyo, nimeiweka juu ya makaa. Nyumba nzima ikanuka kama kinywa cha mgonjwa wa meno. Moshi ukaenda kwa Moza, akaja na ndoo ya maji.

Rangi iliyotoka si buluu wala si nyeusi. Ni zambarau. Upande mmoja kama bilinganya, upande wa pili kama bilinganya lililolala. Sikukasirika. Nilikuwa nimeshamaliza hasira za leo kabla ya Ijumaa kuswaliwa.

Baadaye nikaijaribu uani, maana safari hii sikubali "tki". Fataki ya kwanza: paa! Kuku wakaingia ndani. Ya pili: paa! Shaame akadondosha jamvi. Nikaona mara mbili haitoshi kumwamini mtu, seuze bastola. Nikapiga ya tatu, ya nne, ya tano. Zote zimelia! Kila moja kama radi! Nililia na mimi kidogo, sijui kwa nini. Ule mlio. Nilikuwa nimeusahau unavyoingia kifuani.

Imebaki fataki moja. Inatosha, mbio ni moja. Nimeitia kabisa mahali pake isije ikapotea, kisha nikaipaka bastola yote mafuta ya makonyo kwa wingi, kwa usalama.

Jumamosi, 17 Agosti

Uwanja umejaa. Nimevaa buibui jipya na filimbi yangu ya zamani. Sajenti Ridha alikuwepo na familia yake, kanipigia saluti. Mbarouk kaja kunipokea, akanishika mkono, akasema ahsante kwa kuja, Bi Zulekha. Sikuitikia zaidi ya inavyolazimu dini.

Bastola ilipotoka kwenye mkoba, mtoto mmoja akauliza kama ni bilinganya. Sikumjibu. Wasichana wanane wakainama kwenye mstari. Nikainua mkono.

Uwanja ukanyamaza. Wallahi ukanyamaza, kama zamani.

Nikavuta triga. Tki.

Hakuna aliyetoka. Wasichana wanane wameinama, migongo inatetemeka, wananisubiri mimi. Nikavuta tena. Tki. Tone la mafuta ya makonyo likateremka mkononi mpaka kwenye kiwiko. Nikavuta mara ya tatu, mpini wa Jaribu ukatoka, ukaangukia mguuni kwangu.

Na mimi, mbele ya skuli zote za kusini, mbele ya kamati na polisi, nikapiga kelele kwa mdomo wangu:

"PAAA!"

Wakatoka! Wote wanane, sawa sawa, kama aliyewasukuma ni mmoja! Hakuna aliyetangulia, hakuna aliyebaki. Msichana wa Chokocho kashinda kwa kifua. Watu wakasimama, wakacheka, wakapiga makofi, wengine wakakaa chini kwa kucheka. Sajenti Ridha alifuta macho kwa kofia ya serikali.

Nilikuwa natafuta njia ya kutokea nikamwona Mbarouk anapanda jukwaani. Akashika kipaza sauti. Nikajua, haya, anamalizia.

Akasema, "Ndugu zangu, leo mmeona mbio zilizoanzishwa kwa haki. Na mwaka 2011 nazo zilianzishwa kwa haki. Bastola ile ilikuwa na kawaida ya kutoa 'tki' kabla ya kulia. Mimi niliiona kawaida hiyo. Niliwaambia wasichana wangu watoke kwenye 'tki', wasisubiri mlio. Siku ile 'tki' ilikuja bila mlio, wakatoka peke yao, nikaaibika, nikamtupia aibu Bi Zulekha. Namwomba radhi mbele yenu."

Makofi. Makofi makubwa kuliko ya mbio! Watu wakapanda jukwaani kumkumbatia. Wakasema huyu ndiye mwanamume. Wakasema si wengi wenye moyo huo. Mzee mmoja alimwombea dua pale pale.

Yaani dhambi kafanya yeye, kakiri yeye, na makofi kapigiwa yeye! Mimi niliyedhulumiwa nimesimama uwanjani na mpini wa mwiko mguuni!

Alipoteremka alinijia. Machozi yalikuwa yanamtoka kweli, nitalisema hilo kwa sababu ni daftari langu. Akaniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia nimemsamehe. Akauliza kwa moyo? Nikamwambia asizidishe.

Jumatatu, 19 Agosti

Sina raha kutoka nje. Watoto wa Chokocho wakiniona hawasemi tena shikamoo mwalimu. Wanasema "Paaa!" na kukimbia. Muuza samaki naye. Imamu naye alitaka, nilimwona midomo, akajizuia.

Asubuhi hii Bi Moza kaleta kifurushi kutoka kwa kaka yake. Ndani ya kitambaa cha mahameli: mojawapo ya bastola zake, ile nzuri zaidi, na boksi la fataki lililojaa. Na barua, hati nzuri, kwamba kamati imeamua honi iondoke, mimi ndiye mwanzishaji wa mbio kila mwaka, na bastola hii ni yangu kwa kuwa ni mimi niliyeichakaza. Anaomba jambo moja tu: niiache kama ilivyo.

Moza alilia. Shaame alilia, mtu ambaye hakulia hata bei ya karafuu iliposhuka. Akasema, "Mke wangu, umepata ulichokitaka. Kaa upumzike."

Nimekaa kama robo saa.

Kisha nikafikiri. Niiache kama ilivyo? Kwa nini? Mtu hakukatazi kitu bila ya sababu. Anajua nikiitengeneza hii ikang'ara, ile ya pili aliyobaki nayo itaonekana takataka kwenye mahameli yake. Anaogopa! Kaniomba radhi mbele ya watu elfu ili nisimshinde kwenye kabati!

Nimelipitia tatizo la ile ya kwanza kwa utulivu. Kosa liko wazi. Ndimu hazina nguvu za kutosha, ndiyo maana ilibidi zikae muda mrefu vile. Nimekwenda kwa fundi wa magari Mtambile, nimepata maji ya betri, ile asidi kali, chupa nzima.

Sasa imo ndani ya beseni la Shaame la kuogea. Inatoa mapovu meupe mazuri na sauti kama samaki kwenye mafuta. Shaame amesimama mlangoni kashika kichwa. Nimemwambia ukiona mapovu hivyo, ujue kazi inakwenda.